Wala Hapana Bahari Tena

Hotuba hii niliitoa alasiri ya tarehe 2 Novemba, Siku ya Kuwaombea Marehemu Wote, chini ya miembe ya Misheni hapa Bagamoyo, kabla hatujaingia makaburini. Waliokuwa kazini, waliokuwa baharini na waliokuwa wanauguza wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Tumsifu Yesu Kristo!

— Milele na milele. Amina.

Naomba mnijibu tena, ila safari hii polepole. Tumsifu Yesu Kristo!

— Milele na milele. Amina.

Mmejisikia mlichosema? Tunaitikiana hivi sokoni, stendi, juu ya bodaboda. Inatutoka mdomoni kama "salama" na "nzuri". Lakini milele ni neno zito, na sisi tunalitaja mara mbili kwa pumzi moja. Leo, kabla hatujawasha mshumaa hata mmoja, nataka tusimame kwenye neno hilo tuulizane: tunaposema milele, tunatarajia nini hasa?

Baba Paroko, masista, mama zangu wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, baba zangu, wanangu wa kipaimara mlioketi chini pale mbele, ndugu zetu Walutheri mliokuja kusali nasi, karibuni. Nanyi majirani zetu Waislamu niliowaona mmesimama pale kwenye ukuta, karibuni zaidi. Nilipofiwa, ninyi ndio mliobeba viti na kuinjika sufuria. Nitasema ya kwetu, kwa heshima ya kwenu.

Mwaka jana, masika yamekolea, nilimzika mama yangu. Mwili ulipotolewa ndani nililia. Nililia kwa sauti, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akanishika bega akaniambia, "Jikaze, Mwalimu. Wewe ndiye unayetufundisha ufufuko. Ukilia hivi, hawa wengine wataamini nini?" Nikanyamaza. Nikakimeza kilio changu, na kikakaa kifuani miezi mitatu kama mwiba wa samaki.

Ndugu zangu, nani ametuambia kwamba imani ni kutolia?

Yesu alifika Bethania, Lazaro ana siku nne kaburini. Alijua anachokwenda kufanya. Alikwisha kumwambia Martha, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Ilikuwa imebaki hatua chache tu, Lazaro atoke na sanda zake. Na bado Yohana anaandika: "Yesu akalia machozi." Bwana mwenyewe, mwenye ufunguo wa kaburi mkononi, alilia mlangoni pa kaburi! Na Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwaambia msihuzunike. Aliwaambia "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Huzuni aliwaachia. Alichowaondolea ni kukata tamaa.

Kwa hiyo leo huko makaburini, mtu akilia, mwacheni alie. Msimwambie ajikaze. Mshikeni mkono.

Sasa, mama yangu yuko wapi? Nilijiuliza usiku ule, turubai bado limefungwa uani, mvua inapiga. Nimefundisha katekesimu miaka mingi, lakini usiku ule niliuliza kama mtoto. Yuko wapi, sasa hivi, saa nane hii ya usiku?

Nikamkumbuka yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana. Hakuwa na muda wa kutengeneza chochote. Hakuwa na sadaka ya kutoa, hakuwa na jumuiya ya kumwombea, hata mkono wa kujipiga kifua hakuwa nao, mikono yote miwili imepigiliwa. Alikuwa na pumzi tu, akaitumia kusema, "Ee Yesu, nikumbuke." Akajibiwa, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Leo hivi. Hakuambiwa kesho, hakuambiwa ngoja kwanza.

Sisi watu wa pwani tukisikia neno peponi tunaona kivuli na maji ya baridi, na si vibaya. Lakini uzito wa jibu lile haupo kwenye peponi. Upo kwenye "pamoja nami". Paulo naye anasema anatamani kwenda zake akae na Kristo, maana ni vizuri zaidi sana. Hakutamani mtaa, alimtamani Mtu. Ukiniuliza mama yangu yuko wapi, siwezi kukuelekeza kwa kidole juu angani. Nitakuambia yuko na nani.

Hapa naomba niseme jambo moja, na nalisema kwa upole kwa sababu najua wapo hapa akina mama waliozika watoto wachanga. Tuna maneno tunawaambia: "Usilie, Mungu alikuwa anahitaji malaika." Tuyaache maneno hayo. Mungu hana upungufu wa malaika! Malaika waliumbwa malaika, na sisi tumeumbwa binadamu, na binadamu tutabaki hata mbele za Mungu. Mama, mtoto wako hakugeuzwa kiumbe kingine usichokijua. Ni mtoto wako. Jina ulilompa ndilo jina lake.

Na kwa nini basi tunawaombea, kama wako na Bwana? Ndugu zetu Walutheri hapa hawakubaliani nasi, na tunajua. Nieleze tu tunachoshika sisi. Kanisa linafundisha kwamba anayekufa katika urafiki na Mungu wokovu wake ni wa hakika, hautikisiki. Lakini wengi wetu tunafika tukiwa bado tuna mambo yetu: kinyongo, uchoyo, mazoea mabaya tuliyozeeka nayo. Kutakaswa huko ndiko tunakoita toharani. Watu wameieleza toharani kama jela ya polisi, wakatutisha tukiwa watoto. Mimi naielewa kwa habari ya kaka yangu.

Kaka alikuwa anavua kwa ngalawa. Siku ya harusi ya dada yetu upepo ulimgomea, akarudi jioni watu wameshakaa kula. Mlango uko wazi, taa zinawaka, mama akamwona akamwita, "Ingia mwanangu, chakula kinapoa!" Kaka akakataa. Magamba mikononi, chumvi kichwani, nguo inanuka ngisi. Akazunguka nyuma ya nyumba kwenda kuoga. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia huna haki ya kuingia. Mwanga ule na sauti ile ya mama ndivyo vilivyomfanya ajione alivyo. Na sisi tuliokuwa ndani tulifanya nini? Tulikaa tukamsubiri? Hapana! Mimi nilimpelekea ndoo ya maji, dada mdogo akampelekea kanzu iliyopigwa pasi. Misa zetu na rozari zetu za mwezi huu ndiyo ndoo ile, ndiyo kanzu ile.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nikishindwa kulisema vizuri leo, nitakuwa nimewapotezea muda.

Kila Dominika tunasimama tunasema tunasadiki. Tunamaliza na nini? "Ufufuko wa miili, uzima wa milele." Miili, ndugu zangu. Hatusemi roho zitaelea. Hatusemi tutayeyuka kwenye mwanga kama chumvi kwenye maji. Tunasema miili. Lakini nikisikiliza tunavyozungumza msibani, nasikia jambo jingine: "Huyu siye, hili ni ganda tu." Ganda? Mwili uliobatizwa kwa maji, uliopakwa krisma, uliopokea Ekaristi, mwili ulionyonyesha na kulima na kubeba kuni, ganda? Kama ni ganda, mbona tunauosha kwa upole namna ile? Mbona tunauchagulia nguo nzuri?

Tazameni mnara ule wa kanisa la zamani. Nyote mnajua hadithi yake, lakini nataka tuitazame upande wa waliobeba.

Mwanzoni mwa Mei 1873, David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, alifariki kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye walikuwa Waafrika: Chuma, aliyekuwa ameokolewa utumwani akiwa kijana, Susi, kijana Jacob Wainwright, na wenzao. Wangeweza kumzika pale wakarudi kwao, nani angewalaumu? Badala yake wakauzika moyo wake chini ya mti, Wainwright akasoma sala za maziko, na mwili wakaukausha juani kwa chumvi, wakaufunga kwa nguo na gamba la mti, wakaanza kutembea. Zaidi ya kilomita 1,500. Kiasi cha miezi tisa. Wengine walikufa njiani. Walipofika Kwihara, karibu na Tabora, afisa mmoja Mwingereza aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele huko wakasikia kwamba wenyeji hawataki maiti ipite nchini kwao. Wakaufunga upya ule mwili kama robota la nguo, wakapita. Februari 1874 wakafika hapa, na usiku wa tarehe 24 mwili ukalala katika kanisa lile, mapadre wa Roho Mtakatifu waliokuja mwaka 1868 wakaupokea. Kisha ukavushwa Unguja, na kutoka huko Uingereza.

Najua watu wanaosema walijisumbua kwa maiti. Mimi siwezi kusema hivyo. Watu wale walijua kwa miguu yao jambo ambalo sisi tunalikiri kwa mdomo tu: mtu ni pamoja na mwili wake.

Lakini sikilizeni kilichotokea London. Mwili ulikuwa umekaa karibu mwaka mzima. Uso haukutambulika tena. Watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: tutajuaje kwamba ni yeye? Daktari mmoja, Fergusson, akauchunguza mkono wa kushoto. Miaka thelathini nyuma, mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimrukia Livingstone akamvunja mfupa wa mkono ule, na ukaunga vibaya. Alama ile ilikuwapo. Wakajua ni yeye. Tarehe 18 Aprili 1874 wakamzika.

Alitambuliwa kwa jeraha!

Mnamkumbuka nani mwingine aliyetambuliwa kwa majeraha? Tomaso alisema hataamini. Siku nane baadaye Bwana akaingia milango ikiwa imefungwa, akamwambia, "Lete hapa kidole chako; uitazame mikono yangu." Jamani, hebu tulitafakari hili. Mwili uliofufuka, mwili ambao mauti haiuwezi tena, bado una alama za misumari. Baba angeweza kuzifuta. Hakuzifuta. Haziumi tena, hazitoki damu tena, lakini zipo, kwa sababu ndizo habari ya upendo wake. Ni mwili uleule, na ni mwili mpya.

Mnauliza itakuwaje? Wakorintho nao waliuliza, na Paulo akawajibu kwa habari ya mbegu. Sisi tumekaa chini ya jibu hilo sasa hivi. Inueni macho. Mti huu ulikuwa kokwa ya embe, kitu kikavu, chenye nyuzinyuzi, mtoto anakinyonya anakitupa. Nani angeishika kokwa ile mkononi akakisia kivuli hiki chote? Na bado mti huu ni ile kokwa, si kingine. "Hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu." Tunaowaendea sasa hivi makaburini wamepandwa. Wapo pale wamisionari wengi waliokufa vijana kabisa kwa homa, mbali na mama zao. Wamepandwa.

Mama yangu alikuwa na kovu kubwa la moto kwenye kiganja cha kulia. Nilikuwa na miaka miwili nikaangukia jikoni, akanichomoa kwa mkono mtupu. Mkono ule haukuweza kukunja ngumi vizuri tena, na alisokota ukili wa mikeka nao hivyo hivyo mpaka uzee. Siku tulipomwosha, dada zangu waliniambia walikibusu kiganja kile. Nitakitafuta. Nawaambia mbele ya Mungu, siku ya ufufuko nitakitafuta kiganja kile, na naamini nitakikuta, hakiumi tena.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kipaimara, yupo hapa, aliniuliza: "Mwalimu, milele yote tutafanya nini? Hatutachoka?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, ni swali zuri. Mwanangu, wewe umewahi kukaa na mtu unayempenda, ukaangalia saa ukashangaa usiku umekwenda? Saa zilikuwa nyingi lakini hukuziona. Sasa huyo ni mtu, unammaliza kumjua siku moja. Mungu humalizi. Paulo anasema sasa tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo, wakati ule tutaona uso kwa uso. Na usidhani ni kukaa kimya kwenye mabenchi. Bwana aliyefufuka aliwasha moto wa makaa ufukweni, akawapikia wanafunzi wake samaki, akawaambia njoni mfungue kinywa. Hilo ndilo alilofanya na mwili wake mpya asubuhi ile.

Na hapo ndipo nafika baharini.

Yohana anasema aliona mbingu mpya na nchi mpya, halafu anaongeza maneno ambayo kwa muda mrefu yalinichoma mimi mtoto wa Bagamoyo: "wala hapana bahari tena." Mvuvi mmoja aliniambia, "Mwalimu, kama hakuna bahari, mimi huko nitakuwa mgeni." Nilimwelewa. Bahari ndiyo shamba lake, ndiyo shule aliyosomea.

Lakini Yohana aliandika akiwa wapi? Kisiwani Patmo, kwa ajili ya neno la Mungu. Watu wake wako ng'ambo, Efeso, Smirna, na katikati kuna maji. Kila alipoamka aliiona bahari, na bahari ndiyo ilikuwa ukuta wa kifungo chake. Mtu wa namna hiyo akisema hapana bahari tena, anasema hapana tena kinachotutenga.

Mama yake bibi yangu aliletwa hapa mtoto, na msafara wa watumwa, kutoka bara. Wapi, hakujua. Wenzake aliotembea nao wakapakiwa jahazini kwenda Unguja, yeye akaangukia mikononi mwa mapadre, akalelewa hapa katika kijiji cha waliokombolewa. Alibatizwa hapa, akaolewa hapa. Bibi alikuwa akituambia kwamba mama yake, mpaka anazeeka, hakukanyaga ufukweni. Samaki alikula, lakini kushuka pwani, hapana. Alikuwa ameliona jahazi lile likipungua mpaka likawa nukta, na ndani yake mlikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa akimshika mkono njia nzima. Hakulijua hata jina la kabila lao vizuri. Ukimuuliza yeye ni mtu wa wapi, alisema ni mtu wa Misheni.

Huyo ukimsomea "wala hapana bahari tena", unadhani atauliza tutavua wapi?

Na yule mvuvi wangu nilimjibu hivi: Ezekieli aliona maji yakitoka hekaluni, yakaingia katika bahari iliyokufa yakaiponya, na wavuvi wakasimama kandokando wakitandaza nyavu. Hutakuwa mgeni, ndugu yangu.

Yupo mama mmoja kati yetu, simtaji jina, aliyekuja kwangu wiki iliyopita. Mumewe aliondoka na mashua, kusi inavuma, na hakurudi, wala mashua haikuonekana. Ni miaka sasa. Aliniambia, "Mwalimu, kila mwaka wenzangu wanakwenda makaburini na mishumaa. Mimi wangu nauwasha wapi?" Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikasoma. Kitabu kilekile cha Ufunuo, mlango unaotangulia, kinasema: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake."

Mama, umesikia? Ikawatoa. Haijameza, imepewa kushika tu. Itaulizwa, na itatoa. Yule binti wa jahazini naye, kama maji yalimchukua, atatolewa.

Kwa hiyo Baba Paroko ametukubalia jambo. Tutaingia makaburini kwanza, kila mtu kwa wake. Kaburi msilolijua mwenyewe wake, wekeni mshumaa, hasa yale ya zamani. Jua likianza kuzama tutatoka pamoja, tutafuata barabara hii moja kwa moja hadi ufukweni, pale kwenye Msalaba. Wote ambao marehemu wao hawana kaburi, watu wa baharini, waliopotea safarini, waliozikwa nchi za mbali, mishumaa yao tutaiwasha pale, tukiyaangalia maji. Mama atatangulia, nasi tutamfuata. Upepo upo, kwa hiyo kila mtu aukinge mshumaa wa mwenzake kwa kiganja. Mkifika, mtaje majina kwa sauti, yote, hata kama ni mengi, hata kama unalijua la kwanza tu.

Simameni.

Raha ya milele uwape ee Bwana.

— Na mwanga wa milele uwaangazie.

Wapumzike kwa amani.

— Amina.